Vumbi Ndani ya Nyonga

Mei 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, mchuuzi mmoja alileta kipande cha plastiki nyeupe iliyotumika kuchonga gia za mitambo ya kufumia nguo. Daktari John Charnley alikikwaruza kwa ukucha wa dole gumba, akaona alama, akasema hakifai. Fundi wake, Harry Craven, hakubishana. Bosi alipoondoka, alikifunga kwenye mashine ya kusugua, akaiacha izunguke usiku na mchana.

Charnley alikuwa tayari amepata funzo chungu. Wagonjwa wake wapatao 300 walikuwa na nyonga bandia zenye kikombe cha tefloni, ile ya vikaango visivyogandisha. Tefloni inateleza kweli, ila inalika upesi, na unga wake ulizusha uvimbe kuzunguka kiungo. Baadaye alijidunga unga huo pajani mwake, ukaota vinundu. Kipande cha Craven, baada ya wiki tatu, kilikuwa kimelika kidogo kuliko tefloni kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo kikaanza kuwekwa kwa wagonjwa.

Plastiki hiyo, polietilini, ni ndugu wa ile ya madumu ya maji, ila molekuli zake ni ndefu mno. Nayo inatoa vumbi, jembamba zaidi. Seli za ulinzi hulimeza, hushindwa kulisaga, kisha huchochea mwili kuula mfupa wake wenyewe. Kiungo kinalegea bila kuvunjika.

Ajabu ni kwamba usafi nao ulichangia tatizo hilo. Kwa miaka mingi viungo viliuliwa vijidudu kwa miale ya gamma penye hewa. Miale hukata molekuli, oksijeni ikaingia kwenye ncha zilizokatika, na plastiki ikachakaa ingali kwenye pakiti, kama dumu lililosahaulika juani.

Lakini miale hiyohiyo, ikiongezwa dozi, huziunganisha molekuli kama wavu, na ulikaji hupungua sana. Njia hii ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa ndiyo kuu. Ncha zilizobaki huzimwa kwa kuyeyusha plastiki, jambo linaloipunguzia uwezo wa kuhimili nyufa, au kwa kuichanganya na vitamini E. Mimi napenda hii ya pili: kinga ileile inayozuia mafuta ya kula yasichache.

Kwenye nyonga, tufe hukaa limekumbatiwa na kikombe. Goti bandia halina bahati hiyo. Mzigo hubana sehemu ndogo na kuhamahama kila hatua, kwa hiyo, kwa kuhofia nyufa, plastiki yake mara nyingi hupewa dozi ndogo ya miale kuliko ya nyonga.