Hesabu ya jioni haikulingana? Kikundi cha kazini kinaweza kusaidia, kikiruhusiwa

Saa mbili usiku, duka liko karibu kufungwa, na hesabu inakataa. Daftari linasema hivi, simu ya malipo inasema vile. Kesho yake bosi anatangaza kikundi cha kuboresha kazi, watu watano, kila Jumatatu asubuhi. Kufika mwezi wa pili kimekufa, na hakuna aliyekizika.

Wazo lenyewe si baya. Vikundi vya aina hii vilianza kusajiliwa Japani mwaka wa 1962: wafanyakazi wachache wa sehemu moja wanakaa pamoja kuchunguza kasoro za kazi wanayoifanya wao wenyewe. Sasa ukiwaambia watu wa kaunta "tafuteni jinsi ya kuongeza mauzo," wataongea tu. Waulize kwa nini malipo ya till hayalingani na daftari, hapo wana pa kushika.

Waanze na karatasi kando ya keshia. Kwa wiki moja, kila malipo yakileta utata, waandike saa na sababu. Mteja ametuma kwa till nyingine. Ujumbe umechelewa. Keshia hakuandika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kuna sababu moja ambayo wenye maduka huwa hawaitarajii: simu inayopokea ujumbe wa malipo wanayo wao, nao wako Gikomba wakinunua mali. Keshia anapiga, hapatikani, basi anaamini SMS iliyo kwenye simu ya mteja. SMS feki hupita hapo hapo.

Dawa yake ni kuongeza nambari ya keshia kwenye till ili aone malipo yakiingia, bila uwezo wa kutoa pesa. PIN ibaki yako peke yako. Hata mpwa wako asipewe.

Lakini hiyo karatasi itajazwa kweli? Kama kila upungufu unakatwa kwenye mshahara wa keshia, haitajazwa. Nani ataandika kosa linalomlipisha? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa. Mtandao ukichelewa, huo si uzembe wa keshia. Kwa maoni yetu, bosi aliye tayari kutangaza kwamba hakuna atakayekatwa kwa alichokiandika kwenye karatasi ameshafanya nusu ya kazi ya kikundi.

Nusu nyingine ni kujibu. Wakisema kibandiko cha nambari ya till kihamishwe mbele ya kaunta, kihamishwe wiki hiyo hiyo, au waambiwe kwa nini haiwezekani. Kikundi kisichojibiwa mara mbili hakirudi mara ya tatu, hata chai ikiwepo.

Kuongeza nambari ya keshia, mwenye till afike mwenyewe kwa duka letu lolote na kitambulisho chake, pamoja na nambari ya simu ya huyo keshia.