Jokofu Linalopoza kwa Moto

Miongoni mwa mitambo yote iliyomo ndani ya gari-nyumba, yaani gari lililojengewa vitanda, jiko, choo na tangi la maji ili wasafiri walale na kupika humo humo, hakuna uliokosewa heshima kama jokofu la kufyonza. Mtu anayejiandaa kuvuka kwa mara ya kwanza kutoka Uingereza kwenda Ufaransa au Hispania hutumia majuma mengi kukagua bima, pasi, leseni na tairi, lakini jokofu hulifungua siku ya mwisho tu ili alijaze chakula, akidhani ni friji kama ile ya jikoni kwake. Dhana hiyo si sahihi. Friji ya nyumbani hupoza kwa kompresa, ambayo ni pampu inayozungushwa na umeme. Jokofu lililomo katika magari-nyumba mengi ya Ulaya halina kompresa wala mota, halina hata kipande kimoja kinachozunguka, nalo hupoza kwa kuwashiwa moto.

Mfaransa Ferdinand Carré alikwisha kuonyesha mnamo 1859 kwamba amonia na maji vinaweza kutengeneza barafu kwa nguvu ya joto, ila mashine yake ilikuwa kubwa na bado ilihitaji pampu. Walioiondoa pampu hiyo ni wanafunzi wawili wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliobuni jokofu lao mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikauchukua ubunifu huo mwaka 1925. Hata Albert Einstein, kwa kushirikiana na Leo Szilard, alibuni jokofu lisilo na kipande kinachotembea na kupewa hataza ya Marekani mwaka 1930, lakini ni mfumo wa vijana wale wa Stockholm uliobaki katika matumizi hadi leo, jambo ambalo wapenzi wa majina makubwa hawapendi kulitaja.

Ili kuelewa namna moto unavyozaa baridi, ni lazima kwanza ikubaliwe kwamba baridi haitengenezwi, bali joto ndilo linaloondolewa. Kimiminika kinapogeuka mvuke hunyang'anya joto la kilicho karibu nacho, na ndiyo sababu maji ya gudulia la udongo, ambalo daima hutokwa na jasho, huwa baridi kuliko hewa ya barazani. Katika jokofu la kufyonza kazi hiyo hufanywa na amonia, kemikali yenye harufu kali ya kuwasha macho ambayo, katika kanieneo ya kawaida ya hewa, huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Pamoja na amonia, ndani ya mabomba yaliyozibwa kiwandani yamo maji na gesi ya haidrojeni, na vitu hivyo vitatu huzunguka humo kwa miaka mingi bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Mzunguko huanzia chini kabisa, nyuma ya jokofu, ambako mwali mdogo wa gesi huchemsha maji yaliyoyeyusha amonia. Mapovu yanayotokea hupanda ndani ya bomba jembamba na kukisukuma kimiminika hadi juu, na hiyo ndiyo pampu pekee ya mtambo mzima. Mvuke wa amonia hujitenga na maji, hupanda hadi kwenye kipozeo, yaani bomba lenye mapezi ya chuma yanayotoa joto nje, na humo hugeuka kimiminika kisha hutiririka kwa uzito wake kuingia ndani ya kabati la chakula. Hapo ndipo penye fumbo. Kanieneo ndani ya mabomba ni ileile kila mahali, tena ni kubwa kiasi cha kuiweka amonia katika hali ya kimiminika hata siku ya joto. Kwa nini basi ikubali kuvukizwa mahali penye baridi?

Jibu limo katika kanuni ya John Dalton, mwanasayansi wa Uingereza aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba, gesi zinapochanganyika, kila moja huwa na kanieneo yake kana kwamba iko peke yake. Katika kivukizio, yaani bomba lililomo ndani ya kabati, amonia hukutana na haidrojeni, na kwa kuwa haidrojeni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kanieneo yote, sehemu ya amonia huwa ndogo mno, hata kimiminika hicho hutenda kama kilichomwagwa katika chumba kitupu: huvukizwa upesi, kwenye nyuzi zilizo chini sana ya sifuri, na kuyabeba joto la maziwa na mboga. Mchanganyiko wa gesi hizo mbili, ukiwa umeongezeka uzito, hushuka hadi kwenye kifyonzio, ambamo maji yaliyokwisha kutenganishwa na amonia huteremka taratibu na kuifyonza upya. Haidrojeni, ambayo haiyeyuki katika maji hayo ila kwa kiasi kidogo sana, huachwa na kupanda kurudi ilikotoka. Hakuna sauti inayosikika isipokuwa, pengine, mchemko hafifu wa mapovu.

Kwa kuwa kila kinachotembea ndani ya mabomba hayo hutembezwa na uzito tu, jokofu likilala upande kimiminika hutuama pasipotakiwa. Mwali huendelea kuwaka, kichemshio hukauka na kupata joto kupita kiasi, na chumvi ya kromati, ambayo watengenezaji huichanganya na maji ili kuzuia kutu, huganda na kuziba bomba jembamba la mapovu, uharibifu ambao kwa kawaida hauna tiba. Mifano ya zamani iliweza kuvumilia mlalo wa nyuzi tatu hivi, na ya kisasa huvumilia zaidi kidogo. Wakati gari linakwenda hakuna hatari, kwani mitikisiko ya barabara hukirudisha kimiminika mahali pake kila mara. Hatari huja pale msafiri anapoegesha kwenye mteremko wenye mandhari nzuri, akalala, na asubuhi akakuta siagi imeyeyuka. Kwa sababu hiyo kabari za kuwekwa chini ya magurudumu na pima maji, kifaa kilekile cha fundi mwashi chenye povu ndani ya kichupa, vinastahili nafasi garini kabla ya kiti cha kukunja na mwavuli wa jua, ingawa wauzaji wa vifaa vya safari hupenda kuanza na hivyo viwili vya mwisho.

Kuna desturi ya zamani miongoni mwa mafundi ya kulitoa jokofu lililogoma, kulipindua miguu juu kichwa chini kwa saa kadhaa, kulirudisha na kuliacha litulie kabla ya kuliwasha. Wasiojua hucheka, lakini desturi hiyo ina mantiki kamili, kwa kuwa vimiminika vilivyotuama vibaya huchanganyika upya na mzunguko huweza kuanza tena. Majokofu mangapi yametupwa kwa kudhaniwa kuwa yamekufa, ilhali yaliwekwa upande tu, au matundu ya hewa ya nyuma yalizibwa na viota vya buibui, au kichomeo kilijaa masizi, ni swali ambalo biashara ya kuuza majokofu mapya haina haja ya kulijibu. Alama za kifo cha kweli ni harufu ya amonia na unga wa manjano kwenye mabomba, ambao ni ile kromati iliyovuja, na huo usiguswe kwa mkono mtupu.

Maandalizi ya safari, yakitazamwa kutoka upande wa mtambo huu, yanakuwa na utaratibu wake. Jokofu hupoa polepole, hivyo linapaswa kuwashwa usiku wa kuamkia safari na kujazwa vitu vilivyokwisha kupozwa nyumbani. Majokofu mengi huweza kutumia nishati tatu: gesi, umeme wa nyumba wa volti 230, na umeme wa volti 12 unaotoka kwenye alteneta ya gari. Huo wa mwisho ni wa safarini tu, kwa maana jokofu linalokula wati 120 huvuta ampea 10, na betri ya kawaida ya saa-ampea 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, humalizika kwa saa tano baada ya injini kuzimwa. Katika viwanja vya kambi, ambako magari huunganishwa na nguzo ya umeme, si ajabu kukuta ampea 6 tu, yaani chini kidogo ya wati 1,400, kiasi kinacholitosha jokofu bila taabu lakini kinachokatika mara birika la umeme linapowashwa sambamba nalo. Kwenye baadhi ya viwanja vya zamani vya Ufaransa na Hispania waya wa moto na wa kurudishia umeme huwa vimebadilishana nafasi, na swichi za magari ya Kiingereza, ambazo mara nyingi hukata waya mmoja tu, huweza kuacha kifaa kikiwa na umeme hata baada ya kuzimwa. Kipima-umeme cha kuchomeka ni cha bei ndogo na kinafaa kuwa cha kwanza kutolewa kila gari linapofika.

Gesi ndiyo inayowatesa wageni zaidi. Jokofu la ukubwa wa kati huchoma takriban robo kilo kwa siku, hivyo mtungi wa kilo 6 ungedumu zaidi ya majuma matatu kama usingetumiwa pia na jiko na kipasha maji. Tatizo ni kwamba mtungi wa Uingereza ukiisha haubadilishwi Ufaransa, wala wa Ufaransa Hispania, kwa sababu kila nchi imeshikilia mitungi yake na vali zake, na hata nozeli za kujazia gesi kwenye vituo vya mafuta ni za aina nne tofauti barani humo. Ni ubishi wa kienyeji unaolazimisha watu kubeba mfuko wa viunganishi katika bara lililofuta mipaka yake mingi. Aina ya gesi nayo ni muhimu: butani, inayojazwa katika mitungi ya rangi ya chungwa ya majumbani Hispania, hukoma kutoa mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo anayekwenda milima ya Alps majira ya baridi anahitaji propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa upande mwingine, joto kali la Andalusia wakati wa kiangazi hulishinda jokofu lenyewe, kwani kipozeo hakiwezi kutoa joto kwenye hewa iliyokwisha kuwaka, na tiba yake ni kuegesha gari kwa namna ambayo ubavu wenye jokofu uko kivulini.

Mtungi hufungwa kabla ya kupanda feri ya Dover au treni inayopita chini ya bahari kwenda Calais, na mwali huzimwa kabla ya kuingia kituo chochote cha mafuta. Jokofu likifungwa vizuri hubaki na baridi kwa muda wote wa kuvuka. Isitoshe, tangu Januari 2021 msafiri anayetoka Uingereza haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa katika Umoja wa Ulaya, hivyo aliyelijaza jokofu lake soseji na jibini amelijaza bidhaa za kutupwa mpakani. Ni heri liwekwe chupa za maji baridi, ambazo hutunza ubaridi, na ununuzi ufanywe ng'ambo. Leseni inayoruhusu uzito wa gari, siku 90 katika kila 180 kwa wenye pasi za Uingereza, kibandiko cha herufi UK kilichochukua nafasi ya GB Septemba 2021, vibandiko vya hewa safi vya miji ya Ufaransa na Ujerumani: hayo yameandikwa kwa wingi mahali pengine.

Afrika Mashariki haina desturi ya magari-nyumba, lakini mtambo huu si mgeni. Ulifika ukiwa na tangi la mafuta ya taa na utambi, ukakaa katika misheni, madukani na katika zahanati ambako umeme ulikuwa haujafika. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na utambi ni chombo kigumu kukiamuru kwa usahihi wa namna hiyo, ndiyo maana majokofu ya kompresa yanayotumia nguvu ya jua yamekuwa yakichukua nafasi yake. Mabadiliko hayo ni ya haki, maana jokofu la kufyonza hula nishati nyingi kuliko la kompresa kwa baridi ileile. Kisicho cha haki ni kuyaacha ya zamani nyuma ya stoo mpaka yawafikie wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hukata mabomba kwa msumeno bila kuambiwa kwamba ndani mna amonia yenye kanieneo kubwa na kromati yenye sumu. Amonia na haidrojeni haziliharibu tabaka la ozoni, tofauti na gesi za friji za zamani zilizodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987, lakini kutodhuru anga si kutodhuru mapafu ya kijana mwenye msumeno.

Matumizi mengine ni ya kutajwa tu: vyumba vya hoteli, ambako hupendwa kwa kutokuwa na kelele usiku, vibanda vya mapumziko visivyofikiwa na nyaya, karavani za kuvutwa na gari, mashua za mifereji ya Uingereza, na masanduku ya kubebeka ya wavuvi na wapiga kambi, ambayo nayo lazima yawekwe mahali palipo sawa.