Kila kitu ‘hivi punde’, shabiki wa Sumbawanga aamini kipi?

SUMBAWANGA. Utepe mwekundu ukipita chini ya televisheni, kibanda umiza kizima kinanyamaza. Umeandikwa HIVI PUNDE. Kumbe straika fulani kafanya mazoezi peke yake! Watu wanaguna, wanarudi kwenye chai zao. Jioni utepe bado upo, na habari ni ileile ya asubuhi.

Utepe huo ni kama kadi nyekundu. Mwamuzi akiichomoa kwa kila aliyerusha mpira vibaya, siku beki akivunja mtu mguu hakuna atakayeshtuka akiiona.

Wana Rukwa wanaijua habari nzito. Oktoba 22, 2020, Uwanja wa Nelson Mandela mjini hapa, Tanzania Prisons waliichapa Simba 1-0. Mnyama alikuwa bingwa wa misimu mitatu mfululizo. Habari ya namna hiyo haihitaji utepe kufika Laela au Matai.

Kumbuka pia sakata la Bernard Morrison. Lilianza Agosti 2020 alipotoka Yanga kwenda Simba, likamalizwa na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) Novemba 2021. Ni zaidi ya mwaka mzima, lakini yaliyobadilisha kitu hasa ni machache: uamuzi wa TFF, kisha wa CAS. Mengine yote yalikuwa maneno ya vijiweni.

Sasa njoo Machi 8, 2025. Bodi ya Ligi iliahirisha Dabi ya Kariakoo siku ileile ya mechi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kupitia Tunduma na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 1,000. Shabiki wa huku anayeitaka dabi kwa Mkapa anauza gunia la mahindi apate nauli, na siku ya mechi anakuwa keshafika au yuko barabarani. Baadaye ikatajwa Juni 15, nayo ikasogezwa. Mechi ikapigwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Tarehe kama hizo ndizo zinazostahili utepe, maana zinaamua mtu apande basi au abaki shambani. Lakini aliyezoea kudanganywa na wekundu ule kila saa, atauamini vipi siku nauli yake iko mfukoni?

Kipimo ni kimoja tu: kuna mtu atakayebadili safari yake kwa habari hii? Kama hakuna, isubiri taarifa ya saa mbili usiku.