Fahamu: Misa ya Papa na mkutano wa guru katika uwanja mmoja Washington

Kuanzia Septemba 29 hadi Oktoba 1, 2023, uwanja wa National Mall jijini Washington ulifurika watu. Mwenyeji wao alikuwa Sri Sri Ravi Shankar wa India, aliyeanzisha shirika la Art of Living mwaka 1981. Katikati ya ngoma na hotuba, aliwaongoza kutafakari.

Uwanja huohuo ulishapokea altare. Oktoba 7, 1979, Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa hapo.

Kwa macho mikusanyiko hiyo inafanana: jukwaa, mavazi meupe, umati uliotulia. Tofauti kubwa ni nani anayeelekewa. Padri akiugua, mwingine huja na Misa haipungui kitu, kwa sababu anayeabudiwa ni Kristo. Hata Papa hupiga magoti. Kwa guru, mwalimu mwenyewe ndiye mlango. Sudarshan Kriya, mpangilio wa kupumua unaofundishwa na Art of Living, ulitoka kwa Ravi Shankar, na watu hujifunza mpangilio huo kwa kozi za kulipia.

Shirika hilo halimtaki mtu aache dini yake. Ndipo Mkristo anapojiuliza, na ni swali la haki: je, naweza kupumua hivi na bado kusali?

Vatikani ililigusa mwaka 1989, katika waraka uliotiwa saini na Kardinali Ratzinger: mbinu za Mashariki zaweza kumwandaa mtu kusali, lakini utulivu wa mwili usichukuliwe kuwa ndio Roho Mtakatifu.