Mimea Inayonasa Wadudu: Tulivyoiotesha, Tulivyoipiga Picha, na Jina Lililotutoa Jasho

Wanafunzi wa mwaka wa pili waliofika nyumbani kwetu kuleta kazi zao za muhula wamekuwa wakituuliza kuhusu vyungu vilivyopangwa kibarazani. Wengi huinama, wakaona nzi amekwama kwenye jani jekundu linalong'aa kama lililomwagiwa asali, kisha wakauliza, "Mwalimu, mmea huu unakula nyama?" Swali hilo tulilijibu mara nyingi kwa neno moja, "Ndiyo." Katika makala haya tunanuia kueleza kwa nini jibu hilo halikuwa sahihi, na kwa nini kosa hilo liligharimu uhai wa mimea kadhaa kabla hatujalitambua.

Kwanza, tuifahamu mimea yenyewe. Duniani kuna zaidi ya spishi 600 za mimea inayopata sehemu ya virutubishi vyake kutoka kwa wadudu na viumbe wengine wadogo. Si mimea ya nchi za mbali tu. Drosera, ile yenye majani mekundu, huota katika vinamasi vya Afrika ya kitropiki na Madagaska, na hapa Uganda huonekana kwenye vinamasi vya kando ya Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka. Utrikularia, isiyo na mizizi, huelea kwenye madimbwi na maziwa yetu, nasi huipita bila kuitambua. Nepenthesi, yenye majani yaliyojikunja kama mitungi, hupatikana Madagaska na Shelisheli, na kwa wingi zaidi Asia ya Kusini-Mashariki. Dionea, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote, asili yake ni eneo dogo tu la majimbo ya North Carolina na South Carolina, Marekani.

Mimea hii yote ina jambo moja linaloiunganisha: huota mahali ambapo ardhi au maji ni maskini. Nitrojeni na fosforasi ni haba mno huko. Sukari mmea hujitengenezea wenyewe kwa mwanga wa jua, kama mchicha au mhindi unavyofanya. Kinachotafutwa kwa mdudu si shibe, bali ni ile nitrojeni na fosforasi iliyokosekana ardhini. Ndiyo maana drosera inaweza kukaa muda mrefu bila kunasa hata mbu mmoja na isife. Charles Darwin aliichunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu ya mimea hii mwaka 1875. Mwanawe, Francis, alionyesha mwaka 1878 kuwa drosera zilizopewa nyama kidogo zilizaa mbegu nyingi zaidi kuliko zilizonyimwa. Lakini hata zilizonyimwa ziliishi.

Sisi tulianza na vyungu vitano vya drosera, tulivyopewa na mwenzetu anayefundisha botania, ambaye aliziotesha kwa mbegu. Kwa mazoea ya bustani ya mboga, tulichanganya udongo mweusi na samadi kidogo, tukamwagilia maji ya bomba kila jioni. Baada ya wiki sita vyungu vitatu vilikuwa vimekauka. Mwenzetu alipokuja kuona alitikisa kichwa na kusema kwamba tumeiua kwa ukarimu. Mizizi ya mimea hii haivumilii chumvichumvi za mbolea wala zile zilizomo katika maji mengi ya bomba.

Vyungu viwili vilivyosalia tulivitunza kwa utaratibu ufuatao, ambao mpaka leo haujatuangusha. Udongo ni mboji ya kinamasi iliyokaushwa, inayouzwa kwa wakulima wa maua, ikichanganywa nusu kwa nusu na mchanga uliooshwa mara nyingi. Mbolea ya aina yoyote ni marufuku. Maji ni ya mvua, tunayoyakinga wakati wa masika na vuli na kuyahifadhi katika madumu safi. Chungu hukaa ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita 2 hivi ili udongo usikauke kamwe. Mwanga uwe mwingi: drosera iliyowekwa kivulini hupoteza wekundu wake na matone yake hukauka.

Dionea nayo tuliijaribu, tukashindwa. Kwao kuna majira ya baridi, na mmea hupumzika kwa miezi mitatu au minne kila mwaka. Kwetu, hapa karibu na Ikweta, haukupata usingizi huo. Ulidhoofika jani baada ya jani, ukafa. Hatuwashauri wasomaji kuinunua.

Tukio lililotufungua macho lilikuja wakati vyungu vile viwili vimekwisha kustawi. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alikuta drosera haina mdudu hata mmoja. Alichukua kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake akakibandika katikati ya majani. Tulipomuuliza sababu alijibu, "Ana njaa. Si mlisema anakula nyama?" Siku chache baadaye majani yale yalikuwa meusi yenye ukungu na harufu mbaya, na shina lote likaoza. Kikabaki chungu kimoja.

Walimu wenzetu watakuwa wameona kilichotokea katika sentensi ile. Mtoto hakusema "una njaa", kama upatanisho wa ngeli ya M-MI unavyodai. Alisema "ana njaa". Alikuwa ameuhamishia mmea katika ngeli ya viumbe wenye uhai, akaupa tumbo, akaupa na huruma. Hatukuweza kumkemea, kwani kitenzi "kula" alikitoa kwetu.

Hapo ndipo tulipoamua kuupiga picha mmea uliosalia, si kwa ajili ya mapambo, bali kutaka kujua ni kitenzi gani kinachouelezea vizuri. Vifaa vyetu ni vya kawaida. Tunatumia kamera ndogo, na siku nyingine simu, tukiiegemeza juu ya vitabu ili isitikisike. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla jua halijawa kali, matone yakiwa yamejaa. Taa ya kamera tunaizima, maana huyageuza matone kuwa madoa meupe. Badala yake tunasimamisha karatasi nyeupe upande wa pili wa jua ili irudishe mwanga kwenye majani. Nyuma ya chungu tunatandika kitambaa cheusi. Kando tunaweka rula, ili anayetazama picha ajue ukubwa halisi. Jambo muhimu zaidi ni kupiga picha kutoka mahali palepale kila baada ya saa moja na kuandika tarehe na saa.

Picha za mbu mmoja zilitupa hadithi nzima. Alitua, miguu ikanata. Alitapatapa, akagusa matone mengine. Vinyweleo vya pembeni vikaanza kumwinamia polepole. Kesho yake alikuwa amefunikwa na ute, na siku zilizofuata mwili wake ukayeyuka na kufyonzwa, likabaki ganda tupu. Katika picha zote hizo hapakuwa na kinywa, wala kung'ata, wala kutafuna.

Tulizipeleka picha darasani. Tuliwagawia wanafunzi bila maelezo, tukawataka waandike aya moja yenye vitenzi visivyopungua sita. Vitenzi vilimiminika: kunata, kunasa, kukunja, kulowanisha, kuyeyusha, kufyonza. Mjadala mkubwa ukawa juu ya "kunasa", kwani tunasema "mmea umenasa mbu" na papo hapo "mbu amenasa", umbo lilelile likitumika kwa mtegaji na kwa aliyetegwa. Mwanafunzi mmoja kutoka kijiji cha wavuvi aliongeza kuwa utrikularia ni kama dema: kiumbe huingia mlangoni, asitoke. Mfano huo ni mzuri, ingawa vifuko vya utrikularia huvuta maji na windo kwa ghafla, kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Drosera, tukakubaliana, inatumia ulimbo.

Ilibaki kazi ya jina. Wengine walipendekeza "mmea mla wadudu". Katika umoja halina tatizo kubwa, lakini tuliposema tuliweke katika wingi, darasa lilicheka. Ukifuata viumbe unapata "mimea wala wadudu", na sentensi kama "Hatukuona mimea wala wadudu" inakuwa na maana mbili zinazopingana. Ukifuata ngeli ya M-MI unapata "mimea mila wadudu", na msomaji atadhani tunazungumzia desturi za wahenga. "Mimea inayokula wadudu" ni sahihi kisarufi, lakini inaturudisha kwenye kile kipande cha nyama.

Pendekezo letu ni "mnasa-wadudu", wingi "minasa-wadudu". Lina upatanisho wa ngeli ya M-MI bila mgongano, na linataja kile ambacho jicho na kamera vinaweza kukithibitisha. Hatudai kuwa ndilo neno la mwisho. Wenye lugha watalipima, na walimu wa sayansi nao wana haki ya kulikosoa.

Mwisho, tuna ombi kwa wanafunzi wetu. Msiende vinamasini kung'oa mimea hii ili mje kututunukia. Ikitolewa kwenye maji yake haidumu, na vinamasi vyenyewe vinazidi kupungua kwa kufukiwa na kulimwa. Atakayekwenda Nabugabo abebe kamera na daftari, aandike mahali, tarehe na vitenzi, auache mmea ulipo. Anayetaka kuotesha aje kibarazani. Kile chungu kimoja kilitoa maua ya waridi na mbegu laini kama vumbi, na leo tunavyo vyungu kumi na moja. Binti yetu ndiye anayevijaza maji ya mvua, na wageni wakiinama kuuliza kama mmea una njaa, ndiye anayewajibu: "Hauna njaa. Unatega."