Fundi, Kabla ya Kufomati Tazama Betri

Katika maduka ya kurekebisha kompyuta mjini Migori, kwenye barabara kuu inayoelekea Isebania, na katika yale ya Homa Bay, kuna ombi ambalo kila fundi amelizoea. "Fundi, niwekee Windows upya, hii imekufa." Mwenye kuomba mara nyingi ni mwalimu wa somo la kompyuta, karani wa chama cha akiba au mwenye saiba. Fundi mwenye haraka huchomeka flashi, akafuta diski na kuanza. Kabla ya jioni mashine inawaka vizuri, malipo yanatumwa kwa simu, na kumbukumbu za miaka mitano zimekwenda.

Naandika makala haya kwa sababu naamini kazi nyingi za namna hii hazikuhitaji kufanywa. Mfumo haukuwa umekufa. Kilichokufa ni betri ndogo ambayo mwenye mashine hajawahi kuiona.

Betri yenyewe ni kidonge bapa kiitwacho CR2032. Jina lake limebeba vipimo vyake: kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Hukaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta ya mezani ili kulinda saa na mipangilio ya BIOS wakati hakuna umeme. Sipiyu ikiwa imechomekwa ukutani na swichi iko wazi, hata kama kompyuta yenyewe imezimwa, umeme kidogo unaendelea kuingia na betri inapumzika. Swichi ikifungwa, betri inabaki peke yake. Sasa fikiria maabara ya shule ambako swichi kuu huzimwa kila jioni, na likizo ya Desemba ikifika mlango hufungwa hadi Januari. Ongeza siku ambazo stima inapotea. Kumbuka pia kwamba kompyuta hizi ni za ex-UK, yaani zilitumika Uingereza kwanza, na betri zake zilikuwa zimeshafanya kazi miaka mingi kabla ya kupanda meli.

Betri ikiisha, BIOS husahau yote iliyopangiwa na kurudi ilivyotoka kiwandani. Mojawapo ya mipangilio hiyo huamua njia ambayo ubao mkuu unaitumia kuifikia diski: ile ya zamani ya IDE au ile mpya zaidi ya AHCI. Ikiwa Windows iliwekwa kwa njia ya IDE na BIOS sasa imerudi kwenye AHCI, au kinyume chake, nembo itaonekana kwa sekunde chache, kisha skrini itageuka bluu na kuandika 0x0000007B. Nambari hiyo husema jambo moja tu: Windows imeshindwa kuifikia diski ambayo yenyewe imo ndani yake. Mara nyingi hakuna faili lililopotea wala kirusi kilichoingia. Dawa ni kuingia BIOS, kwa F2 katika Dell au F10 katika HP nyingi, kurudisha mpangilio wa SATA mahali pake, kuhifadhi na kuwasha tena. Halafu betri ibadilishwe, la sivyo tatizo litarudi stima itakapopotea tena.

Saa nayo hurudi nyuma. Mashine ikiamka ikidhani ni mwaka 2009, kivinjari kitakataa karibu kila tovuti. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kwa kompyuta iliyo mwaka 2009, cheti cha mwaka huu bado hakijaanza kutumika. Mteja husema intaneti imeharibika. Hatari huzidi mwishoni mwa Juni, siku za mwisho za kuwasilisha ritani za KRA kwenye iTax, foleni ikiwa imefika nje ya saiba. Mashine inayokataa kufungua tovuti wakati kama huo hupelekwa kwa fundi mbio na kufutwa mbio, ilhali dawa ilikuwa kurekebisha tarehe.

Nimewataja walimu kwanza, na nina sababu. Somo la Kompyuta katika KCSE, nambari 451, lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo, na mradi ambao mwanafunzi huujenga kwa miezi. Kwa miaka mingi, maelekezo ya karatasi ya vitendo yamemtaka mtahiniwa aandike jina na toleo la programu aliyotumia katika kila swali, achapishe kazi yake na kuihifadhi kwenye CD ya kukabidhi. Laptopu mpya nyembamba haina pa kuingizia CD. Dell OptiPlex ya zamani inayo. Kwa hiyo anayezicheka maabara zenye mashine kuukuu hajui zinavyotumika. Shule nyingi nchini zilipata kompyuta zao za kwanza kwa msaada, zikiwa zimekarabatiwa na mashirika kama Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, na zimeendelea kuzitunza kwa sababu bado zinafaa. Ndani ya diski hizo mna kazi za Access za watahiniwa. Kuifuta diski moja mwezi wa Septemba ni kumrudisha mtoto mwanzo wa mradi wake.

Ndiyo maana fundi ninayemheshimu huanza kwa swali.

"Mwalimu, kuna kitu ndani unachokihitaji?"

"Kazi za Form Four zote ziko humo, fundi."

"Basi tunatoa hizo kwanza. Mengine baadaye."

Kuzitoa si kazi kubwa. Flashi yenye Ubuntu huwasha kompyuta bila kuigusa Windows, na diski hufunguka kama kabati. Katika Windows XP, mali ya mtumiaji iko ndani ya folda ya Documents and Settings; katika Windows 7 iko ndani ya Users. Nakili zote kwenye diski ya nje, ufungue mafaili mawili matatu kuhakikisha yanasomeka, ndipo uendelee. Diski ikigoma kunakili au ikitoa sauti ya kugongagonga, basi umeshaupata ugonjwa wenyewe: diski inakufa, na kuiwekea mfumo mpya ni kupoteza pesa za mwalimu.

Ikithibitika kwamba mfumo wenyewe umeharibika, bado kufuta si hatua ya kwanza. CD ya XP ina njia ya kurekebisha ambayo wengi huiruka. Ukishapita ukurasa wa mkataba kwa F8, inaitambua Windows iliyopo na kukuruhusu kubonyeza R, iweke upya mafaili ya mfumo huku programu na nyaraka zikibaki. R ya ukurasa wa kwanza ni nyingine. Hiyo hukupeleka kwenye amri kama chkdsk na fixboot. Windows 7 nayo, ukiiweka bila kufomati, hukusanya vya zamani katika folda ya Windows.old.

Usakinishaji kamili una vikwazo vyake, na karibu vyote vinatokana na umri. XP ilitoka Oktoba 2001, haijui AHCI. Kwa diski za aina ambayo haikuzijua, iliomba ubonyeze F6 na kuingiza disketi yenye draiva, na leo hata mwenye duka hana mahali pa kuingiza disketi. Njia rahisi ni kuiweka BIOS kwenye IDE kabla ya kuanza. Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ina mtego wa USB. Haikuja na draiva za USB 3.0, na kuanzia vichakataji vya Intel vya kizazi cha sita, milango yote ya USB hupitia humo. Usakinishaji unafunguka, kisha kibodi na mausi havijibu, au unaombwa draiva ya kifaa ambacho huwezi kukitaja. Hapo tumia DVD na kibodi ya tundu la mviringo la PS/2 kama ubao unalo, au tengeneza flashi ambayo draiva hizo zimetiwa ndani mapema.

Linalofuata ndilo linaloumiza mafundi wa mbali na Nairobi. Mfumo umewekwa, lakini hautambui kadi ya mtandao, na draiva ya kadi hiyo iko mtandaoni. Anayefikiria mbele huhifadhi draiva zote za mashine kwenye diski ya nje kabla hajafuta chochote. Asiyefanya hivyo hutegemea simu yenye bando, akaiunganisha kwa waya wa USB, na katika Windows 7 mara nyingi hilo hufaulu. Lakini intaneti yenyewe inazidi kuzikimbia mashine hizi. Microsoft ilisimamisha msaada kwa XP tarehe 8 Aprili 2014 na kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Windows 7 iliyotoka kwenye DVD leo haiwezi hata kupokea masasisho yake ya zamani mpaka kwanza ipewe kwa mkono viraka vya kuielewa sahihi ya SHA-2, ambayo Microsoft ilihamia mwaka 2019. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu cha zamani ambacho tovuti nyingi za Let's Encrypt zilikitegemea kiliisha muda, na kompyuta zisizosasishwa zikafungiwa nje. Chrome iliiacha Windows 7 mapema mwaka 2023.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu XP ni mkali. Iwekwe kwa kazi za ndani ya maabara, na waya wa mtandao usichomekwe kabisa. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulikuwa ukiingia katika XP mpya kupitia mtandao peke yake, bila mtu kubofya chochote, na kuizima ndani ya dakika moja. XP iliyotoka kwenye CD ya zamani leo ni ileile ya wakati huo. Nasema vivyo hivyo kuhusu nakala zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi. Mashine nyingi za ex-UK zina kibandiko ubavuni chenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Usome kabla haujafutika, uuandike mahali, uutumie.

Saiba isiyofanya zaidi ya kufungua tovuti na kuchapisha haihitaji Windows ya zamani hata kidogo. Linux Mint au Lubuntu huishi vizuri kwenye mashine hizo na bado hupata viraka. Fomu ya ritani ya KRA ipo pia ya ODS, inayofunguka kwa LibreOffice.

Kuna mahali ambapo haya yote huwa mazito zaidi: zahanati. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 uliiweka Homa Bay juu ya kaunti zote kwa maambukizi ya HIV miongoni mwa watu wazima, asilimia 19.6, na Migori asilimia 13.0. Rekodi za wagonjwa hao zimekuwa zikitunzwa na mifumo kama KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Seva yake kwa kawaida ni kompyuta yenye Ubuntu iliyowekwa katika chumba kidogo cha zahanati, nayo ina betri ileile ya CR2032. Saa ikirudi nyuma, OpenMRS hukataa ziara ya leo kwa madai kwamba ni tarehe ambayo haijafika. Mhudumu anaona mfumo umegoma, anaita fundi. Fundi asiyejua kwamba lazima kwanza hifadhidata ya MySQL itolewe na kuwekwa kando, anaweza kufuta historia ya dawa za mamia ya watu kwa sababu ya betri. Mafunzo ya vyuo vya ufundi vya kaunti hizi yaanzie hapo, kabla ya kumfundisha kijana namna ya kubofya kitufe cha kuendelea.

Windows 10 nayo imefika mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au kipya zaidi. Ofisi za Ulaya zitaziondoa kompyuta zisizotimiza masharti hayo, na natarajia nyingi zitashuka Mombasa na kupanda hadi huku. Atakayezipokea azitengeneze mara moja vizuri: betri mpya, mfumo, draiva zote, programu za somo. Kisha achukue taswira ya diski nzima kwa Clonezilla, programu ya bure, aiweke kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini. Mashine ikigoma mwezi wa Septemba, na kazi za wanafunzi zikiwa zimeshanakiliwa, taswira hiyo huirudisha bila kutafuta CD wala bando. Ndani ya kifuniko cha sipiyu abandike karatasi: tarehe ya kubadilisha betri, SATA iko IDE au AHCI, ufunguo wa Windows, na nambari ya simu ya aliyeifanya kazi hiyo.