Kurudia Peke Yake Hakutoshi: Namna ya Kuizoeza Akili Kabla ya Mikono



Likizo iliyopita mmoja wetu, mseminari wa falsafa, aliombwa kupiga kinanda katika misa ya mazishi ya katekista wa kigango chao. Familia iliomba wimbo mmoja tu, ule ambao marehemu aliwafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kila mwaka. Ndugu yetu alikuwa na siku nne. Kila jioni alikaa kwenye kinanda kwa muda wa saa mbili, akaupiga wimbo mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Siku ya mazishi, katikati ya kiitikio, vidole vikakwama. Kwaya ikapoteza sauti, kanisa likanyamaza. Mama mmoja mzee akauinua wimbo peke yake, na waamini wakamfuata hadi mwisho, bila kinanda.

Aliporudi seminarini alituambia neno moja lililotufanya tuandike makala haya: “Hata kwenye mazoezi nilikuwa nakwama palepale.” Jumla ya saa nane, na kosa ni lilelile. Tulijiuliza: inawezekanaje mtu afanye bidii hivyo na asisogee?

Si kila tendo hukuza uwezo

Katika masomo ya maadili tunamsoma Aristotle. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anafundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Wengi wetu huishia hapo. Lakini yeye anaendelea: kwa kupiga huko huko kinubi hupatikana wapigaji wazuri na wapigaji wabaya pia. Ndiyo maana mwalimu anahitajika.

Mtakatifu Toma wa Akwino analichimba jambo hili zaidi. Anatumia neno la Kilatini habitus, yaani uwezo uliokita mizizi ndani ya mtu hata akatenda kwa wepesi. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili, fungu la kwanza, swali la 52, anauliza kama kila tendo hukuza uwezo huo. Jibu lake ni hapana. Tendo linalolingana na nguvu ya uwezo uliopo, au kuuzidi, huukuza au huandaa kukua kwake. Tendo legevu, lililo chini ya uwezo ambao mtu anao tayari, humwelekeza kwenye kupungua. Wazee walisema mazoea yana taabu. Nasi tuongeze kwamba hata kosa huzoeleka. Kila ndugu yetu alipopita pale pagumu akikosea, alikuwa anajifunza kukosea.

Watafiti wa karibuni wanasema nini?

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki mjini Berlin. Waliokuwa bora walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa saa nyingi zaidi tangu utotoni. Hata hivyo hawakuyafanya kwa mkupuo. Waliyagawa katika vipindi vyenye mapumziko, na walipata usingizi wa kutosha. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mazoezi hayaelezi tofauti zote kati ya watu. Vipaji vipo. Lakini hata mwenye kipaji hukwama asipojua anarekebisha nini.

Hatua nne

Kwanza, tuiweke akili mahali pake. Simu ibaki chumbani. Tukae kimya dakika moja, kisha tuseme wazi tunatafuta nini leo. “Nafanya mazoezi ya wimbo” ni lengo pana mno. “Leo mkono wa kushoto uvuke mstari huu bila kusita” ni lengo linalopimika. Mawazo yakitangatanga, tuyarudishe kwa upole, kama tunavyofundishwa kufanya tunaposali rozari.

Pili, tuanzie panapotushinda. Tuchukue nota chache kabla ya mahali pale na chache baada yake. Tupige polepole kiasi cha kutokosea, besi peke yake, sauti ya kwanza peke yake, kisha mikono yote miwili. Tukikosea, tusipite. Tusimame, tutaje kosa: ni kidole kipi, ni nota ipi?

Tatu, tufunge kitabu. Kuangalia nota na kuzitambua si sawa na kuzikumbuka. Tuimbe besi bila kuangalia, halafu tufungue tujisahihishe. Ndivyo ilivyo na Kilatini: anayesoma orodha ya maneno mara kumi hudhani anayajua, mpaka karatasi ya mtihani imkute mikono mitupu.

Nne, tugawe muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hushika kuliko yale yaliyorundikwa siku moja. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, akili ikiwa hai, zinaweza kuzaa kuliko saa mbili za uchovu.

Haya si ya waseminari peke yao. Msomaji wa somo la kwanza siku ya Pentekoste hahitaji kulisoma lote mara kumi akiwa amekaa kitandani. Akayatafute Frigia na Pamfilia, yale majina yanayomkwamisha, ayatamke kwa sauti akiwa amesimama, na mtu mmoja akae benchi la mwisho amwambie kama anasikika.

Na Roho Mtakatifu je?

Pengine mtu atasema: “Mbona mnahangaika? Roho Mtakatifu atasaidia.” Atasaidia kweli. Lakini Mtakatifu Toma anatufundisha kwamba neema haiondoi maumbile, bali huyakamilisha. Kujiandaa ni namna ya kuwaheshimu watu wa Mungu. Wafiwa wale walikuja kusali na kulia. Hawakustahili kuhangaika na vidole vyetu.

Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa katekista yule inakaribia, na familia imemwomba ndugu yetu apige wimbo uleule. Tangu mwezi uliopita, tukipita karibu na chumba cha muziki, tunasikia nota zilezile chache za kiitikio, polepole, kisha kimya, kisha tena. Baadhi yetu tumeanza kulalamika kwamba hatujausikia wimbo mzima hata mara moja! Yeye hucheka, anaendelea. Tunamwombea, nanyi mtuombee sote tunaojifunza.